Aprili 1994: Mikataba miwili, mwezi mmoja

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji,

Ipo miezi ambayo hupita bila kuacha alama yoyote katika historia, na upo mwezi mmoja mmoja ambao ukiufungua unakuta ndani yake mambo ya kutosha miaka kumi. Aprili ya mwaka 1994 ilikuwa ya aina hiyo. Leo ningependa tuutazame mwezi huo, na tuutazame tukiwa tumesimama mahali ambapo watangazaji wakubwa wa dunia hawakusimama, yaani katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Kwa faida ya wasikilizaji wa mijini ambao hawajafika huko, wilaya hizo mbili zilikuwa wilaya moja, Karagwe, mpaka mwaka 2012 ambapo Kyerwa ilisimama peke yake. Upande wa magharibi zimepakana na Rwanda, na mpaka wenyewe ni Mto Kagera. Mto huo unatoka kwenye maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, unapanda kuelekea kaskazini, kisha unageuka kwenda mashariki mahali inapokutana mipaka ya Tanzania, Rwanda na Uganda. Ukiwa Murongo, ng'ambo ya mto ni Uganda. Ukiwa katika hifadhi za Ibanda au Rumanyika, ng'ambo ni Hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Kwa hiyo wananchi wa huko huhitaji kupanda kilima tu ili waone nchi ya jirani.

Sasa tukumbushane yaliyotokea katika mwezi huo mmoja. Tarehe 6, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Tarehe 10 na 11, ndege za NATO ziliyapiga mabomu majeshi ya Waserbia karibu na mji wa Gorazde, katika Bosnia. Tarehe 22, alifariki Richard Nixon, aliyekuwa Rais wa Marekani. Tarehe 26, ndege ya abiria ya Taiwan ilianguka Nagoya, Japani, ikaua watu 264. Siku hiyo hiyo sisi Watanzania tuliadhimisha miaka 30 ya Muungano, na Afrika Kusini ilianza kupiga kura ya kwanza ya watu wa rangi zote. Na tarehe 28, kule Rusumo, likafunguka daraja ambalo juu yake ulipita umati ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijapata kuuona ukivuka mpaka kwa kasi ya namna ile.

Ukiyapanga mambo hayo kwa tarehe, yanaonekana kama shanga zilizomwagika, kila moja na njia yake. Lakini mawili kati yake yana uhusiano mkubwa ambao haukuzungumzwa vya kutosha. Afrika Kusini na Rwanda ziliingia mwezi wa Aprili kila moja ikiwa na mkataba mkononi. Kila mkataba ulikusudia kuumaliza utawala wa upande mmoja na kuleta serikali ya kugawana madaraka. Kila mmoja ulikuwa na watu wenye silaha walioapa kuuvunja. Mwezi ulipokwisha, mkataba mmoja ulikuwa umezaa taifa, na mwingine ulikuwa umezaa makaburi. Swali la leo ni hili: kwa nini?

Tuanze na Afrika Kusini, kwa sababu ndiyo iliyopewa nafasi kubwa redioni na magazetini, na ilistahili. Tanzania ilikuwa na haki ya kushangilia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na vijana wa ANC walisomeshwa Mazimbu, Morogoro. Lakini watu wengi wamesahau kwamba mwanzoni mwa Aprili uchaguzi ule ulikuwa ukining'inia kwenye uzi. Jimbo la Natal na eneo la KwaZulu lilikuwa limewekwa chini ya hali ya hatari tangu tarehe 31 Machi. Chifu Mangosuthu Buthelezi na chama chake cha Inkatha walikuwa wameususia uchaguzi. Makaburu wenye siasa kali walikuwa wakitega mabomu, na tarehe 24 Aprili moja lililipuka katikati ya Johannesburg na kuua.

Kati ya mwezi waliitwa wasuluhishi wa kimataifa, wakiongozwa na Henry Kissinger wa Marekani na Lord Carrington wa Uingereza. Wakubwa hao walikaa siku chache, wakaona pande hazikubaliani hata juu ya jambo la kusuluhishwa, wakafunga mizigo na kuondoka. Aliyebaki nyuma alikuwa profesa mmoja wa Kenya, Washington Okumu, aliyekuwa amefuatana nao. Huyu aliendelea kumfuata Buthelezi na kumweleza kwamba akibaki nje atapotea. Tarehe 19 Aprili, zikiwa zimebaki siku saba tu kabla ya kura, Buthelezi alitia saini. Karatasi za kura zilikuwa zimekwisha kuchapwa, kwa hiyo ikabidi jina la Inkatha libandikwe chini ya kila karatasi kwa kipande cha karatasi chenye gundi.

Aidha, mkataba wenyewe ulikuwa umewafikiria walioogopa kupoteza. Chama chochote ambacho kingepata viti 20 vya bunge kilikuwa na haki ya kuingia katika baraza la mawaziri. Watumishi wa serikali ya zamani, wengi wao Makaburu, walihakikishiwa ajira na malipo yao. Wapo wana ANC waliokasirishwa na jambo hilo, na hasira yao ilikuwa na msingi. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba askari na karani wa utawala wa zamani, alipoamka asubuhi ya tarehe 27 Aprili, alikuwa bado na kitu cha kupoteza endapo angeanzisha fujo. Tarehe 10 Mei, Nelson Mandela akaapishwa.

Sasa tuvuke tuje Rwanda. Mkataba wa Rwanda ulitiwa saini hapa kwetu, mjini Arusha, tarehe 4 Agosti 1993, Tanzania ikiwa ndiyo msuluhishi. Ulikusudia kumaliza vita vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990, pale wapiganaji wa RPF, wengi wao watoto wa wakimbizi wa Kitutsi waliofukuzwa tangu mwaka 1959, walipoingia kutoka Uganda kupitia Kagitumba. Mahali hapo ni jirani kabisa na Kyerwa. Wananchi wa Karagwe walikuwa wakiwajua wakimbizi hao wa zamani, kwa kuwa baadhi yao waliishi nao tangu miaka ya sitini, na maelfu walipewa uraia wa Tanzania mwaka 1980.

Mkataba wa Arusha ulikuwa na vifungu vizuri, lakini ulikuwa na ufa. RPF ilipewa asilimia 40 ya askari wote katika jeshi jipya na nusu ya maofisa. Maana yake ni kwamba maelfu ya askari wa serikali wangerudishwa nyumbani bila kazi, katika nchi ndogo isiyo na ardhi ya kuwagawia. Chama cha CDR, kilichokuwa na siasa kali kuliko vyote, kiliachwa nje ya serikali ya mpito. Sisemi kwamba kilistahili kuingizwa. Ninachosema ni kwamba waliokuwa nje ya mkataba ndio waliokuwa na silaha, wanamgambo wa Interahamwe, na redio ya RTLM. Watu wa namna hiyo ama unawafunga mikono kwa maslahi, kama ilivyofanyika Afrika Kusini, ama unawafunga mikono kwa nguvu. Rwanda hayakufanyika yote mawili.

Nguvu iliyopelekwa ilikuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, chenye askari wapatao 2,500 chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Kikosi hicho kiliundwa kwa azimio la tarehe 5 Oktoba 1993. Angalieni tarehe hiyo. Siku mbili kabla yake, askari 18 wa Marekani walikuwa wameuawa katika mapigano mjini Mogadishu. Na tarehe 21 ya mwezi huo huo, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na askari wa jeshi lake, na wakimbizi wa Burundi wakamiminika Rwanda na Tanzania. Kwa hiyo kikosi cha Rwanda kilizaliwa wakati wakubwa wa dunia wamekwisha kuogopa Afrika, na wakati maadui wa mkataba wamekwisha kupata hoja ya kuwaambia Wahutu kwamba Watutsi hawaaminiki.

Tarehe 6 Aprili 1994, Rais Ali Hassan Mwinyi aliwaita viongozi wa jirani Dar es Salaam kuzungumzia Burundi na kuusukuma mkataba wa Arusha. Habyarimana aliondoka jioni, na ndege yake ikatunguliwa usiku huo. Asubuhi ya tarehe 7 askari wa Rwanda walimwua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye alikuwa Mhutu aliyeunga mkono mkataba. Wakawaua pia askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda. Mpangilio wa mauaji hayo unatueleza mengi. Waliotangulia kuuawa, pamoja na Watutsi, ni wanasiasa wa Kihutu ambao wangeweza kuutekeleza mkataba. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba yalikuwa makabila mawili yaliyoshikana kwa hasira za kale wanakosea. Palikuwa na kundi la wakubwa lililokuwa na orodha.

Na dunia ilifanya nini? Ndege za Ulaya zilikuja kuchukua raia wao. Ubelgiji ikawaondoa askari wake. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi cha UNAMIR hadi watu 270. Dallaire alibaki na askari mia chache, wengi wao wa Ghana, na hao waliokoa maisha ya maelfu kwa kusimama tu mlangoni. Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba mwaka ule Rwanda yenyewe ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama. Serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji ilikuwa na kiti chake mezani, ikisikia kila kilichosemwa na kupiga kura. Marekani nayo iliwazuia maofisa wake wasitamke neno mauaji ya kimbari, maana neno hilo lingewadai wafanye jambo.

Kwa hiyo ulinganisho ndio huo. Afrika Kusini wakubwa walipoondoka, alibaki mtu mmoja mwenye subira aliyeendelea kubisha hodi mpaka akafunguliwa. Rwanda wakubwa walipoondoka, waliobaki waliachwa bila magari ya kutosha, bila risasi za kutosha, na bila ruhusa.

Ndugu msikilizaji, sisi tulio katika kazi hii ya utangazaji hatuwezi kuupita mwezi ule bila kuitaja redio. Tangu mwaka 1993, RTLM ilikuwa ikipiga muziki mzuri na kuchekesha watu, na katikati ya mzaha huo ikiwafundisha wasikilizaji kuwaita jirani zao mende. Aprili ilipofika, ikawa inataja majina na mahali pa kuwapata watu. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, tarehe 3 Desemba 2003. Vifungo vyao vilipunguzwa katika rufaa, lakini fundisho lilibaki: kipaza sauti ni silaha, na aliyekishika anaweza kusimamishwa kizimbani.

Sasa turudi kando ya mto. Tarehe 15 na 16 Aprili, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, upande wa Rwanda si mbali na mpaka wetu, waliuawa. Meya wa eneo hilo, Sylvestre Gacumbitsi, alihukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2004, na mwaka 2006 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Baadhi ya waliotoroka walijaribu kuuvuka Mto Kagera. Wengine wengi walitupwa humo wakiwa wamekufa. Mto ukawachukua, ukawapitisha mbele ya Karagwe, ukazunguka Murongo, ukapita Kyaka, ukawafikisha Ziwa Victoria. Upande wa Uganda, katika sehemu za Rakai, Masaka na Mpigi, wavuvi na wanavijiji waliopoa na kuzika miili zaidi ya 10,000. Pande zote za ziwa watu waliogopa kula samaki. Hivyo ndivyo mkataba uliovunjika Kigali ulivyofika mezani kwa mtu ambaye pengine hakuwahi kusikia vifungu vyake.

Kisha wakaja walio hai. RPF walikuwa wakishuka kufuata mpaka wetu kutoka kaskazini. Tarehe 28 na 29 Aprili, siku ambazo macho ya dunia yalikuwa Johannesburg na Soweto, watu waliokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wengi wao walikuwa Wahutu. Wapo waliokimbia vita, na wapo waliokimbia waliyoyatenda. Mapanga yalirundikwa mpakani. Wengine walivuka mto na kuingia Karagwe, na baadaye zikafunguliwa kambi za Chabalisa, Omukariro, Kagenyi na Rubwera, zenye wakimbizi zaidi ya 100,000.

Mtu wa mjini akisikia kambi, hufikiria mahema na magunia ya mahindi ya msaada. Mtu wa Karagwe alifikiria kuni. Kila jungu linalochemshwa linahitaji moto, na moto unahitaji mti. Vilima vilivyokuwa vya kijani vilibaki uchi kuzunguka kambi, na wanyama wa hifadhi wakawa kitoweo. Visima na zahanati zilizojengwa kwa ajili ya vijiji zikalazimika kuhudumia miji mizima. Tuseme pia kwamba wapo walionufaika. Wakulima waliuza ndizi, wafanyabiashara wakapata soko, vijana wakaajiriwa na mashirika. Lakini faida ilikwenda kwa wenye shamba kubwa na elimu, na hasara ikamwangukia mama mwenye shamba dogo kando ya njia ya kambi.

Mzigo huo haukuisha na mwezi. Mwezi Julai wakimbizi wengine wapatao milioni moja waliingia Goma, Zaire, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Waliokuwa wameua waliendelea kuwatawala wenzao makambini. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilihamia Zaire. Mwezi Desemba mwaka huo serikali yetu na UNHCR zikatangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani ya Tanzania, wakageuzwa na askari, wakavuka mpaka kwa miguu. Mwezi Mei 1997 Mobutu akaanguka. Mabaki ya majeshi ya 1994 yalibaki katika misitu ya Kongo, na hadi leo ni moja ya sababu zinazotajwa kila moto unapowaka huko.

Na moto huo haujazimika. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Tarehe 27 Juni mwaka huo huo, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani mjini Washington, mbele ya kamera. Hapo ndipo Aprili 1994 inapotufaa. Unaposikia redioni kwamba mkataba umetiwa saini, usiishie kwenye picha ya kushikana mikono. Uliza nani anapoteza kwa mkataba huo, na ana bunduki ngapi. Uliza nani ameahidi kuulinda, na atabaki au ataondoka akipoteza askari 10. Uliza redio za pande zote zinamwitaje jirani. Majibu ya maswali hayo matatu yalikuwa yakijulikana Kigali kabla ya tarehe 6 Aprili, na yalikuwa yakijulikana Pretoria kabla ya tarehe 27.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rwanda ufa ulionekana tangu 1993, na waliokuja kujenga ukuta walikuwa wananchi wa Ngara, Karagwe na Kyerwa, ambao hawakualikwa kwenye mkutano wowote. Wao ndio waliochimba makaburi na kugawana maji. Na tarehe 6 Aprili 2016, Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walipofungua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha pale Rusumo, ilikuwa ni miaka 22 kamili tangu ndege ile itunguliwe. Malori hupita hapo sasa, yakienda na kurudi, na huo ndio ujirani tunaoutaka. Lakini daraja hupitisha kila kinachokuja. Kazi ya kuangalia kinachokuja ni ya kila mmoja wetu, na huanza na kusikiliza habari za jirani kabla hazijafika mtoni.

Kwa leo tuishie hapo. Tukutane tena wiki ijayo.